UZI: Neno "ring" la masumbwi: lilikotoka, maana zake, na kwa nini kitu cha pembe nne kinaitwa duara

Kona Nyekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila linapokaribia pambano kubwa swali hili hurudi: mbona Waingereza huita "ring" kitu chenye pembe nne? "Ring" ni pete, pete ni duara, na ulingo una kona nne. Nimefungua uzi huu ili majibu yakae mahali pamoja. Tuchangie kwa hoja na tarehe, tuache "inasemekana".

Ninavyoliona mimi ni hivi. "Ring" ya masumbwi haikuwa jina la kamba wala la sakafu. Ilikuwa jina la watu.

Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa *hring*. Lilitaja pete na kila kitu cha mviringo, na pia watu waliosimama kwa kuzunguka jambo. Maana hii ya watu ndiyo ya kushika. Shakespeare, mnamo 1599, anamfanya Antonio awaambie Warumi wafanye "ring" kuzunguka maiti ya Kaisari. (Ni tamthilia ya Julius Caesar, ileile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere.) Pale hapakuwa na kamba wala nguzo. Amri ilikuwa moja tu: zungukeni.

Masumbwi ya zamani ya Uingereza yalifanyika hivyohivyo, pamoja na mieleka na mchezo wa fimbo. Wawili wanakabiliana, wengine wanawazunguka, na ile nafasi iliyobaki katikati ndiyo "ring". Watu wakisogea mbele inapungua, wakitawanyika haipo tena. Kwa hiyo kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuwazuia watazamaji wasiimeze nafasi. Kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, ya mwaka 1785, ina neno "vinegar", yaani siki, kama jina la mtu huyo: ameshika mjeledi mkononi, kofia ameiweka mbele ya macho, na kazi yake ni kuiweka "ring" wazi kwenye ngumi na kwenye fimbo. Kazi hiyo isingekuwa ngumu hivyo kama "ring" ingekuwa ya kamba zilizokazwa.

Kamba zilipokuja, jina lilikuwa limeshazoeleka. Umbo likabadilika, jina likabaki.

Chumvi Nyingi

Ahsante mkuu. Ila nauliza: haiwezi kuwa imetoka kwenye kengele? Kengele "ina-ring", na raundi zinaanza na kuisha kwa kengele.

Mpekuzi wa Maneno

Hapana ndugu, hayo ni maneno mawili yaliyogongana sauti. Jina *hring* la pete lina asili yake, na kitenzi *hringan* cha kulia kwa chuma kina asili yake, ambayo ni kuiga mlio wenyewe. Yamekuja kufanana kwa tahajia tu.

Hata historia ya mchezo inakataa. Chini ya sheria za zamani raundi haikuwa na dakika. Iliisha mtu alipoanguka au alipoangushwa. Baada ya hapo kulikuwa na sekunde 30 za kupumzika, mwamuzi anaita "time", na kila mmoja anatakiwa afike kwenye alama ya katikati kwa miguu yake ndani ya sekunde 8. Akishindwa, pambano limekwisha. Raundi ya dakika 3 na mapumziko ya dakika 1 iliingia na sheria za Queensberry za mwaka 1867, na hapo ndipo kengele ikawa na kazi ya kudumu. "Ring" ilikuwa inatumika muda mrefu kabla ya hapo.

Jamaa wa kweli wa neno hili ni "rank", yaani safu. Lilitoka kwenye lugha za Kijerumani za kale likapita kwenye Kifaransa, likarudi kwa Waingereza likiwa na maana ya safu ya watu. Unaona kwamba hata huko linahesabu watu waliopangwa.

Fundi Turubai

Nichangie upande wa umbo, maana hapo wengi hupita haraka.

Bondia Jack Broughton aliandika sheria zake 7 za ngumi mwaka 1743 kwa ajili ya ukumbi wake wa London. Pale wapiganaji walikuwa juu ya jukwaa la mbao, na sheria ya kwanza inataka mraba wa yadi moja (sentimita 91) uchorwe kwa chaki katikati. Kila msaidizi anamleta mtu wake kwenye upande wa mraba huo, na hairuhusiwi kupiga mpaka wote wawili wamesimama kwenye mistari. Kwa hiyo umbo la kwanza kuandikwa kwenye sheria ni mraba, lakini ni mraba wa kuanzia tu. Haukuwa mpaka.

Ngumi zilipokosa ulinzi wa wakubwa zilihamia mashambani, kwenye majani, mbali na mahakimu. Huko jukwaa hakuna, umati ni mkubwa, na mwenye mjeledi peke yake hatoshi. Hapo vigingi na kamba vikawa lazima. Sheria za ngumi za London za mwaka 1838 zinaeleza wazi:

Uwanja uwe juu ya majani, mraba wa futi 24 (mita 7.32) kila upande. Vigingi viwe 8. Kamba ziwe mistari miwili, wa juu futi 4 kutoka ardhini (sentimita 122), wa chini futi 2 (sentimita 61). Katikati iwekwe alama inayoitwa "scratch". Na kwenye pembe mbili zinazokabiliana zichorwe sehemu za wasaidizi na mbeba chupa, ziitwe "corners".

Ile "kona" tunayoitaja leo, kona nyekundu na kona ya bluu, ndipo ilipopata hadhi yake ya kisheria.

Kwa nini mraba na si duara? Chukueni kamba mkaze. Kamba iliyokazwa hunyooka, haikubali kupinda katikati ya vigingi viwili. Ukitaka duara unahitaji vigingi vingi sana, na kila kigingi kinavutwa kuelekea ndani, kwa hiyo kila kimoja kinataka kuzikwa kwa nguvu au kushikwa kwa kamba nyingine upande wa nje. Kwenye mraba mvuto mkubwa unabaki pembe 4 tu. Vigingi vya katikati ya kila upande vinazuia kamba isilegee, havibebi mzigo mkubwa. Hiyo ni hesabu ya 8: pembe 4, na katikati ya pande 4. Watu wanne wenye nyundo wanaweza kusimamisha uwanja huo asubuhi na kuung'oa askari wakitokea.

Sarakasi ya farasi ilibaki na duara kwa sababu farasi anahitaji kukimbia bila kukata kona. Bondia hahitaji hivyo.

Kona Nyekundu

Mkuu Fundi umenifungulia njia. Niongeze kwamba hata baada ya kamba, Waingereza waliendelea kuhesabu duara la watu. Walikuwa na "ring" ya ndani yenye kamba, na nje yake ya pili, ya waamuzi, waandishi na watu wa hadhi, kisha umati. Ile ya nje ilipovunjika, ya ndani haikukaa.

Mfano unaojulikana ni pambano la Mwingereza Tom Sayers na Mmarekani John C. Heenan, Farnborough, 17 Aprili 1860. Pambano lilizidi saa mbili. Mwishoni Heenan alimbana Sayers shingo kwenye kamba, kamba zikakatwa, umati ukaingia, na raundi za mwisho zikapiganwa bila uwanja wowote wa maana. Likatangazwa sare. Tazameni jinsi uwanja ulivyokufa siku ile: watu ndio waliouvunja.

Binti Mkunguni

Wakuu, mimi nataka upande wetu. "Ulingo" si ni "ring" iliyovishwa "u" ya Kiswahili? L na r hubadilishana kwetu.

Mpekuzi wa Maneno

Dada, inavutia lakini haisimami, kwa sababu mbili.

Kwanza, "ulingo" ni neno la shambani, la zamani. Kamusi sanifu ya mwaka 1939 inalieleza kuwa ni jukwaa lililoinuliwa shambani, mlinzi anapanda juu yake kuwinga ndege na wanyama wasile mazao. Mwenzake ni "dungu". Anayelima mpunga au mtama analijua bila kuona bondia hata mmoja.

Pili, Kiswahili kikikopa "ring" kinaifanya "ringi". Nendeni gereji: ringi za pistoni zimekwisha, gari linakula oili. Hakuna fundi anayesema ulingo wa pistoni.

Kwa hiyo waliochagua "ulingo" kwa masumbwi walichagua vizuri sana. Waliangalia kitu kilicho mbele yao, jukwaa la juu lenye nguzo, mtu anapanda, wengine wanamtazama kutoka chini, wakakipa jina la kitu wanachokijua. Ndiyo maana tunasema bondia *anapanda* ulingoni, na mwanasiasa naye anapanda ulingoni. Mwingereza anaingia ndani ya "ring", sisi tunapanda juu ya ulingo. Njia mbili tofauti, na yetu haikuazimwa kwa mtu.

Binti Mkunguni

Nimeelewa, ahsante. Basi fundi atueleze huo ulingo wa sasa umeundwaje. Tunauona kwenye runinga tu, hatujui kilicho chini ya turubai.

Fundi Turubai

Haya dada. Natumia vipimo vya ngumi za ridhaa kama vilivyowekwa na AIBA (shirikisho la kimataifa la ngumi za ridhaa, ambalo baadaye liliitwa IBA) kwa mashindano yake makubwa, maana ngumi za kulipwa kila mamlaka ina vyake (kwa kawaida kati ya futi 16 na 24).

Ndani ya kamba: mita 6.10 kila upande, yaani futi 20. Nje ya kamba sakafu inaendelea sentimita 85 kila upande, kwa hiyo jukwaa zima ni mita 7.80 kwa 7.80. Kimo kutoka chini ni mita 1. Kamba 4, kila moja unene wa sentimita 4 bila kuhesabu kitambaa cha juu, zikiwa kwenye sentimita 40, 70, 100 na 130 kutoka kwenye turubai. Kila upande kamba hizo 4 zinaunganishwa kwa vipande viwili vya kitambaa kigumu vilivyosimama wima. Pembe moja nyekundu, ya kukabiliana nayo bluu, mbili zilizobaki nyeupe. Ngazi 3: mbili za mabondia na wasaidizi wao, moja kwenye pembe nyeupe ya refa na daktari. Kwenye pembe nyeupe, upande wa nje, kunawekwa kimfuko cha plastiki ambamo hutupwa pamba na shashi zilizofuta damu.

Ujenzi unaanza na fremu ya chuma. Simamisha miguu ya pembe, unga boriti za pembeni, kisha boriti za katikati zinazobeba mzigo. Kabla ya kuweka ubao wowote, pima mshazari, yaani kutoka pembe hadi pembe inayokabiliana nayo. Kwa jukwaa la mita 7.80 mshazari ni mita 11.03, na mishazari yote miwili lazima ilingane. Ikitofautiana hata kwa sentimita chache, umejenga msambamba, na kamba upande mmoja zitakazika huku upande wa pili zinalegea, utahangaika usiku kucha bila kujua tatizo liko chini. Pima pia usawa wa sakafu kwa kipimo cha maji.

Juu ya fremu inakuja plaiwudi, vipande vikibanana bila mwanya. Kisha sponji ngumu ya sentimita 1.5 hadi 2. Kisha turubai, inavutwa kutoka pande zote na kufungwa chini ya jukwaa kwa kamba nyembamba. Vuta pande mbili zinazokabiliana kwanza, halafu nyingine mbili, kisha rudia. Ukivuta kwa kuzunguka, mikunjo yote inakusanyika kwenye pembe ya mwisho.

Matatizo ya sakafu ni haya:

Sponji laini mno inakamata mguu. Bondia anageuka, kiatu kimezama, goti au kifundo cha mguu kinapinda. Ngumu mno, au ikikosekana kabisa, hatari inahamia kichwani, kwa sababu jeraha baya linaweza kutokea kisogo kinapogonga sakafu, si ngumi inapotua tu. Kwa hiyo msidanganyike na ulingo mlaini ukadhani ni salama.

Turubai lililolegea linafanya mkunjo, na mkunjo unaangusha mtu aliyekuwa salama, refa naye anapaswa aamue kama ni ngumi au ni kujikwaa. Maji ya kona yanafanya utelezi palepale bondia anapoanzia, ndiyo maana wasaidizi hupaswa kufuta kabla ya kuteremka. Na zile nembo kubwa za wadhamini zinazopakwa katikati: rangi ikiwa laini, kiatu kinateleza. Ikaguliwe kwa kusugua soli juu yake ikiwa kavu na ikiwa na maji.

Mtazamaji wa Mbele

Na kamba? Wengine wanasema zikazwe kama waya wa gitaa, wengine wanasema zilegezwe kidogo.

Fundi Turubai

Zikikazwa kupita kiasi zinamrudisha mtu kwa kasi mbele ya ngumi, na zinachubua mgongo. Zikilegea anaanguka nje, au kichwa na shingo vinapita katikati yake. Kipimo cha mkono: sukuma kamba ya juu katikati ya upande kwa uzito wako. Iende kidogo irudi, isikuache ukining'inia nje. Vile vitambaa viwili vya wima ndivyo vinavyozuia kamba zisiachane mtu akiegemea, kwa hiyo kikikatika kimoja pambano lisimamishwe kifungwe.

Zamani ngumi za kulipwa zilikuwa na kamba 3. Mwaka 1962 bondia Benny Paret aliumizwa akiwa amebanwa kwenye pembe, mwili ukiwa umeshikwa na kamba, akafariki. Mwaka 1963, Los Angeles, bondia Davey Moore alianguka shingo ikagonga kamba ya chini, akafariki naye. Baada ya misiba hiyo kamba ya nne na vitambaa laini vya kufunika kamba vikaenea. Hiki ni kifaa cha kulinda uhai. Anayekodisha ulingo wa kamba 3 leo aulizwe maswali.

Kona Nyekundu

Na hapa Kinshasa inaingia. Tarehe 30 Oktoba 1974, Uwanja wa 20 Mei, Muhammad Ali na George Foreman. Ali alikaa kwenye kamba raundi baada ya raundi, Foreman akapiga mpaka akachoka, raundi ya 8 akaangushwa. Mbinu hiyo ikapata jina la "rope-a-dope", na neno hilo limeingia kwenye kamusi za Kiingereza.

Watu wengi wa upande wa Foreman walidai kocha wa Ali, Angelo Dundee, alilegeza kamba kwa makusudi. Dundee alikana, akasema yeye alihangaika kuzikaza, joto na unyevu ndivyo vilivyozilegeza. Vyovyote vile, fizikia yake ni ile aliyoieleza Fundi. Kamba iliyolegea inamruhusu mtu kuegemea nyuma mpaka kichwa kitoke kwenye urefu wa mkono wa mpigaji, na ngumi ya mwilini sehemu ya nguvu yake inaishia kwenye kamba. Kwenye kamba zilizokazwa sawasawa mbinu hiyo ni kujitafutia kifo. Vijana wa mazoezini wanaoiga Kinshasa waambiwe hivyo kabla hawajapanda.

Chumvi Nyingi

Naomba basi maana nyingine za "ring" kwa Kiingereza zilizotokana na ngumi. Nasoma habari za ndondi kila siku lakini maneno mengine yananipita.

Mpekuzi wa Maneno

Nitachukua yale yenye uzito.

"The ring" au "prize ring" ni mchezo mzima, kama sisi tunavyosema "aliacha ulingo" kwa bondia aliyestaafu. Nat Fleischer alipoanzisha jarida lake mwaka 1922 aliliita The Ring, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ni la nini.

"Ringside" ni viti vya mbele kabisa, mabaki ya ile duara ya nje ya watu wa hadhi.

Kutupa kofia ndani ya "ring" kulikuwa tangazo la kuingia pambanoni. Katika kelele za umati sauti haisikiki, lakini kofia ikitua katikati ya nafasi kila mtu anaiona. Magazeti ya michezo ya mwanzoni mwa miaka ya 1800 yanaeleza mabondia wakifanya hivyo kama dharau kwa mpinzani. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt alipoamua kugombea tena urais wa Marekani alisema kofia yake iko ndani ya "ring", na tangu hapo msemo ukawa wa wanasiasa zaidi kuliko mabondia.

"Ring rust" ni kutu ya kukaa muda mrefu bila kupigana: umbali umempotea, ngumi zinafika zimechelewa. Msichanganye na kukosa pumzi. Bondia anaweza kuwa na pumzi nzuri na bado akawa na kutu.

"Ring generalship" ni moja ya mambo manne ambayo majaji wa ngumi za kulipwa huangalia, pamoja na ngumi safi, ushambulizi wenye manufaa, na kujilinda. Maana yake ni nani anayeamua pambano lipiganwe wapi na kwa mwendo gani. Watangazaji wetu wengi huitafsiri "uzoefu", na hapo wanakosea. Bondia mchanga anaweza kuutawala ulingo mbele ya mkongwe. "Kuutawala ulingo" inatosha kabisa.

"Scratch" nayo ni ya familia hii. Kufika kwenye alama ya katikati kwa miguu yako kulikuwa ndiyo kufaa kuendelea, na leo Mwingereza akisema kazi haijafika "up to scratch" anamaanisha haijafikia kiwango.

Sasa yasiyo ya ngumi ingawa yanafanana. "Ringleader" ni kiongozi wa duara la ngoma, la karne kadhaa zilizopita. "Ringer", mtu au farasi aliyebadilishwa kwa ujanja, ni la mbio za farasi. "Learn the ropes" ni kamba za merikebu, si za ulingo. Lakini "on the ropes", mtu aliyebanwa, hilo ni letu. Na "saved by the bell" ni la ngumi pia, zile hadithi za maiti na kengele kaburini ziachwe.

Mtazamaji wa Mbele

Hiyo ya kuutawala ulingo nataka ifafanuliwe kwa vitendo. Na ukubwa wa ulingo una uzito gani? Kila mkataba wa pambano kubwa wanagombania futi.

Kona Nyekundu

Wanagombania kwa haki. Fanya hesabu ya eneo. Futi 16 kwa 16 ni futi za mraba 256. Futi 20 ni 400. Futi 24 ni 576. Yaani ulingo wa 16 ni asilimia 64 tu ya ule wa 20, na ule wa 24 ni mara mbili na robo ya ule wa 16. Mwenye miguu anataka nafasi, mwenye ngumi nzito anataka ukuta uwe karibu.

Kuutawala ulingo kwa vitendo ni kuukata, yaani kumpunguzia mpinzani njia, na kunafanyika hivi. Shika katikati. Anayezunguka karibu na kamba anatembea njia ndefu, wewe uliye katikati unageuka kwa hatua fupi, kwa hiyo yeye anachoka kwanza. Akielekea upande mmoja usimfuate mgongoni. Piga hatua ya kando kwenda upande uleule, mguu ulio upande huo utangulie, wa pili ufuate bila kuvukana. Kisha funga mlango kwa ngumi inayotoka upande anakokimbilia: akienda kushoto kwako, ngumi ya pembeni ya kushoto, akienda kulia kwako, mkono wa kulia, na mwilini ni salama zaidi kwa sababu tumbo halikwepi haraka kama kichwa. Akifika kwenye pembe simama umbali wa mkono, upana wa mabega yake uwe katikati ya mabega yako. Usirukie ndani.

Makosa ni matatu hasa. Kuvukanisha miguu: ukiguswa wakati huo unaanguka, hata kwa ngumi nyepesi. Kumfuata kwa duara: mnazunguka naye bila kumaliza. Na kutanguliza kichwa kwenye pembe, ambako yeye ana kamba za kuegemea na wewe huna kitu. Kwa bondia wa mkono wa kushoto dhidi ya wa mkono wa kulia upande wa hatari hugeuka, na miguu ya mbele hugongana, kwa hiyo gombania mguu wako uwe nje ya wake kwanza.

Foreman alikuwa hodari mno kwenye hili. Ali mwenyewe alieleza kwamba raundi ya kwanza aligundua anapiga hatua nyingi kuliko mwenzake kwa kila kuzunguka, na kwamba asingemaliza raundi 15 hivyo. Kwenda kwenye kamba kulikuwa jibu la hesabu hiyo.

Chumvi Nyingi

Na pembe nyeupe ni za kazi gani zaidi ya ule mfuko?

Mpekuzi wa Maneno

Aliyemwangusha mwenzake anatakiwa aende huko ndipo kuhesabu kuanze. Tarehe 22 Septemba 1927, Chicago, Jack Dempsey alimwangusha Gene Tunney akachelewa kwenda. Refa hakuanza kuhesabu mpaka alipokwenda, Tunney akapata sekunde za ziada, akainuka, akashinda kwa pointi. Wafundisheni mabondia kwenda pembe nyeupe kama wanavyofundishwa kuinua mikono.

Mlezi wa Klabu

Wakuu, swali la kazi. Kuna chumba cha mita 7 kwa 7, dari ya kawaida. Ulingo wa mazoezi wa futi 16 utaenea?

Fundi Turubai

Kwanza, mkinunua au mkimpa mchomeleaji kazi, semeni "futi 16 ndani ya kamba". Wauzaji wengine hutaja ukubwa wa jukwaa, halafu unaletewa ulingo wa futi 12 kwa kupigania.

Futi 16 ni mita 4.88. Jukwaa la kuinuliwa linahitaji ukingo nje ya kamba, tuseme sentimita 60 kila upande, jumla mita 6.08. Zinabaki sentimita 46 kila upande mpaka ukutani. Mtu akitoka kwenye kamba anagonga ukuta kwa kichwa, na dari ya kawaida itakuwa imemkaribia. Msijenge jukwaa humo.

Jengeni ulingo wa chini, sakafuni: plaiwudi, sponji, turubai, nguzo 4, kamba 4 kwa vimo vilevile vya sentimita 40, 70, 100 na 130. Utabakiwa na kama mita 1 kila upande. Nguzo zikae nje ya pembe za kamba, zivishwe sponji nene kuanzia chini hadi juu ya kamba ya nne. Ukuta nao uvishwe magodoro mpaka mita 2.

Na nguzo msizifunge kwenye ukuta wa tofali. Kamba 4 zilizokazwa pande mbili zinavuta kila nguzo kwenda ndani kwa mshazari, saa zote, hata hakuna anayepigana. Ukuta utapasuka. Kila nguzo ichomelewe kwenye bamba la chuma, mabamba manne yaunganishwe na vyuma vinavyopita chini ya plaiwudi kutoka pembe hadi pembe, ili mvuto wa nguzo hii uzuiwe na nguzo ya pili. Hapo hata sakafu ya kupanga haitobolewi.